Maiti Moja, Vichwa Viwili

Huku Kutaisi, ng'ambo ya mto Rioni,
kuna mtambo mmoja wa kuchapa, mkongwe, wenye kikohozi,
na magazeti mawili yasiyoamkiana
huutumia kwa zamu, kama mahasimu waliopanga chumba kimoja:
Mnara huingia saa tano usiku,
Sauti ya Imereti saa nane.
Wino ni ule ule. Karatasi ni ile ile.
Katikati yao nipo mimi, na tambara, nafuta silinda.

Usiku aliokufa Ramaz Chkuaseli,
meya wetu wa miaka kumi na minne,
Mnara walileta ukurasa wao mapema.
Mstari mweusi pambizoni, mnene kama kidole gumba.
AMETUTOKA BABA WA MJI.
Hawakusema amekufa. Wakubwa hawafi;
hututoka, hupumzika, hutangulia,
kana kwamba wamekwenda kutushikia nafasi kwenye foleni.

Sauti hawakuwa na mstari.
CHKUASELI AFA KABLA YA HUKUMU.
Afa: herufi tatu,
mlango uliofungwa kwa teke.

Picha ilikuwa moja. Aliipiga Zaza Gogelia,
akawauzia wote wawili, akanunua matairi ya baridi.
Katika Mnara mzee anacheka, mkono juu,
na mtoto wa kike anamnyooshea komamanga.
Katika Sauti mtoto kakatwa, komamanga limekwenda naye.
Umebaki mkono umeinuliwa,
na mkono ulioinuliwa pasipo mtoto
ni mkono wa kupiga.

Kilichomuua?
Mnara waliandika moyo, uliochoka kwa kutupenda.
Sauti waliandika ini, na wakataja konyaki kwa jina.
Daktari Lamara, tunayetumia naye ngazi moja,
alisema mapafu,
lakini hakuna aliyempigia simu.

Mimi pia hakuna aliyeniuliza.
Ningesema: baridi ile ya kukatika umeme
alituletea mtaani lori zima la kuni,
akashuka mwenyewe, akapakua, akachafua koti.
Ningesema: baridi ile ile, wiki haijaisha,
watu wake walimtoa kaka yangu Tengiz kwenye tanuri la mikate
na kumrudisha Alhamisi, sikio la kushoto halisikii.
Kuni tulizichoma. Tungefanyaje?
Zilikuwa mbichi, zilitoa moshi.
Tengiz alikaa karibu na moto
sikio zima likielekea mlangoni.

Hilo ungelitilia kichwa gani?
Ningempelekea mhariri yupi,
naye angekata wapi, kwenye lori au kwenye sikio?

Usiku huo silinda sikuifuta vizuri.
Sisemi nilikusudia. Sisemi sikukusudia.
Nakala arobaini za mwanzo za Sauti zilitoka na kivuli:
chini ya CHKUASELI AFA, kwa kijivu hafifu,
AMETUTOKA BABA,
na kando ya mkono ule mkali, mtoto
amerudi, mwembamba kama mvuke wa chai,
na komamanga lake.

Msimamizi Guram alitukana hadi mama wa mtambo.
Zichomwe zote, alisema.
Nilichoma thelathini na tisa.

Asubuhi nilimwekea Tengiz ile moja mezani, kando ya jibini.
Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akaisogeza mbali, akaileta karibu.
Nikangoja. Chai yake ilipoa.
Kisha akafungua ukurasa wa nyuma,
akauliza, kwa ile sauti kubwa ya wasiojisikia,
kama kesho wametabiri theluji.

Ndiyo, nikamwambia, upande wa sikio zima.
Magazeti yote mawili.
Hapo tu ndipo walipokubaliana.

Theluji haikuanguka.